Tovuti ya karakana yetu imepotea Google. Nilipe tena?

Mwanangu mshauri,

Assalaam aleikum. Mimi ni fundi wa milango ya kuchonga hapa Bagamoyo, karakana yetu iko nyuma kidogo ya Mji Mkongwe. Kazi hii nimeirithi kwa marehemu baba, naye aliipata kwa mjomba wake. Nina miaka 61 na vijana wanne ninaofanya nao kazi. Wateja wetu wengi ni watu wanaojenga Dar es Salaam na wenye hoteli za ufukweni, na mara mojamoja mtu wa Dodoma au Arusha.

Miaka mitatu nyuma mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, alinitengenezea tovuti. Mimi simu naitumia kwa WhatsApp na kupokea pesa tu, basi nikamwachia mwenyewe. Haikuwa na mambo mengi, ila watu walikuwa wakiipata. Mwaka jana peke yake wateja wawili wakubwa walinipigia wakaniambia, "Mzee, tumekuona Google." Mmoja alichukua milango sita ya hoteli.

Mwezi wa Februari wakaja vijana wa kampuni moja kutoka Dar. Wakaniambia tovuti yangu imepitwa na wakati, na kwamba wao wana utaalamu wa kunipandisha hadi ukurasa wa kwanza, nafasi ya kwanza, ndani ya siku 30. Ankara yao ilikuwa shilingi 850,000: tovuti mpya, maneno muhimu 500, viungo 1,000 kutoka tovuti nyingine, na kusajiliwa kwenye injini za utafutaji 200. Niliuza mbao za mninga nilizokuwa nimezitunza kwa ajili ya mlango wa binti yangu, nikalipa.

Siku 30 zikaisha, zikaisha na 60. Nafasi ya kwanza sijaiona. Hata nikiandika jina la karakana yetu lote, herufi kwa herufi, hatutokei. Linatokea duka la milango ya alumini. Tangu Machi hakuna hata mtu mmoja aliyenipigia akasema ametuona mtandaoni. Nikiwauliza wale vijana wananijibu kwamba Google wamebadilisha mitambo, kwa hiyo niongeze 1,200,000 ili turudi.

Mpwa wangu anasema hao ni wezi, nimrudishie yeye tovuti, atatumia akili mnemba iandike makala 300 tuwapiku wote. Lakini mimi na yeye hatuzungumzi vizuri tangu nilipompokonya kazi yake nikawapa wageni. Mke wangu anasema tuachane na Google kabisa, tuweke picha Instagram kama jirani yetu.

Kinachoniuma ni hiki. Nikitafuta milango ya kuchonga, walio juu ni watu wanaouza mninga mbichi. Mninga mbichi ukiupeleka Dodoma kwenye ule ukame unapasuka kabla ya mwaka kuisha. Mimi mbao nazilaza kivulini miezi minane, nimezitenga kwa vijiti zipate kupumua, ndipo nazigusa. Na mfaa, ule mti wa katikati unaofunika mahali pande mbili zinapokutana, nauchonga mwisho kabisa, pande mbili za mlango zikishakutana, kwa sababu mbao zikicheza hata kidogo mfaa ndio unaositiri. Wenzangu hawa mfaa wanaupachika kwa gundi. Sasa Google haoni? Anapangaje nani akae juu? Kuna mtu wa kumlipa? Na hiyo milioni, nilipe?

Anwani ya tovuti nimekuandikia nyuma ya barua.

Fundi wa milango, Bagamoyo

*

Waaleikum salaam mzee wangu, na shikamoo.

Usilipe, hata shilingi moja. Nimeifungua tovuti yako na kukaa nayo jioni mbili, na tatizo kubwa kuliko yote nimelikuta kwenye neno moja tu, ambalo mpwa wako anaweza kuliondoa kabla chai haijapoa.

Injini ya utafutaji ina kazi tatu na huzifanya kwa mfuatano. Kwanza ina roboti, ya Google inaitwa Googlebot, inayopita mtandaoni ikifuata viungo kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine na kusoma inachokikuta. Pili, inachokisoma hukiandika kwenye faharasa, yaani daftari kubwa mno la kurasa na yaliyomo. Tatu, mtu akiuliza, hulipekua daftari hilo na kuyapanga majibu. Mtu akiandika "mlango wa mninga" saa hii, Google haitoki mbio kwenda kukagua karakana moja baada ya nyingine. Inafungua daftari lake. Usipokuwemo daftarini huna nafasi ya kwanza wala ya elfu moja.

Barua yako ilipofika pale uliposema hata jina lenu halileti kitu, nikaanza kushuku. Tovuti iliyoshuka kwa kawaida bado huonekana ukiitafuta kwa jina lake. Nikaandika kwenye Google "site:" na mara baada yake jina la tovuti yako, bila kuacha nafasi. Hivyo ndivyo unavyoiuliza Google ina kurasa gani za tovuti fulani. Jibu likaja tupu. Nikafungua msimbo wa ukurasa, yale maandishi ya nyuma ambayo msomaji wa kawaida hayaoni, na pale juu nikakuta neno "noindex". Hilo ni agizo kwa roboti: usiniandike daftarini. Na Googlebot hulitii.

Watengenezaji wa tovuti huliweka wakati wa ujenzi ili kazi isiyokamilika isianze kuonekana kwa watu. Kwenye WordPress, ambayo ndiyo waliyoitumia, ni kisanduku kimoja cha kutia tiki katika mipangilio. Kazi ikiisha, tiki huondolewa. Yako haikuondolewa. Wamekupachikia mlango mpya na komeo wakaliacha limefungwa kwa ndani. Sidhani walikusudia. Nadhani walisahau, kisha hawakurudi kuitazama kazi yao. Lakini anayeomba 1,200,000 nyingine anapaswa kwanza kuujua ugonjwa, na hawa hawakuutafuta. Kisingizio cha mitambo kubadilishwa ni chepesi kwao kwa sababu kina ukweli ndani yake: Google hubadilisha mifumo yake mara nyingi kila mwaka. Tovuti yako haikuguswa na hayo.

Kabla hujawaambia lolote, hakikisha jina la tovuti limesajiliwa kwa jina lako au la karakana, na kwamba nywila zote ziko mikononi mwenu: ya tovuti, ya seva (kompyuta inayoihifadhi tovuti), na ya mahali jina liliposajiliwa. Nimeona wazee wakigombana na kampuni kwanza, kisha wakagundua kwamba jina lao la biashara linamilikiwa na kampuni hiyo. Omba kwa upole, pokea, badilisha nywila, ndipo mzungumze mengine.

Tiki ikishaondolewa, mpwa wako afungue Search Console. Ni huduma ya bure ya Google kwa wenye tovuti. Humo ataomba ukurasa usomwe upya, na humo ataona kama Google imewahi kuiadhibu tovuti yenu kwa uamuzi wa wafanyakazi wake. Adhabu ya namna hiyo huandikwa humo waziwazi. Kurasa kurudi daftarini huchukua siku kadhaa, pengine wiki.

Sasa swali lako la nani anapanga, na kama kuna mtu wa kumlipa.

Kuna matangazo, na kuna majibu ya kawaida. Matangazo hulipiwa na huwa na alama kwamba yamedhaminiwa. Ukiacha kulipa, yanaondoka siku hiyohiyo. Majibu ya kawaida hayana bei. Google haipokei pesa kumpandisha mtu huko, na imeandika wazi kwenye mwongozo wake kwamba hakuna anayeweza kumhakikishia mtu nafasi ya kwanza. Kwa hiyo siku utakapoisikia ahadi ya "nafasi ya kwanza ndani ya siku 30", muda wa kumsindikiza mgeni mlangoni umefika. Google wenyewe wamekuwa wakisema kazi hii, ambayo wenye biashara yake huiita SEO, kwa kawaida huanza kuzaa matunda kati ya miezi 4 na mwaka. Wewe unayelaza mbao miezi minane utalielewa hilo upesi kuliko wateja wangu wengi.

Mpangilio wenyewe unatokana na vigezo vingi sana, na Google haivitaji vyote. Vilivyo vikubwa vinajulikana: ukurasa unajibu kile hasa mtu alichouliza? Maudhui yake yametoka kwa mtu anayekijua kitu? Watu wengine wanautaja? Unafunguka vizuri kwenye simu? Muulizaji yuko wapi na anatumia lugha gani?

Hilo la kutajwa ndilo lililoijenga Google. Larry Page na Sergey Brin walikuwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, na kampuni waliianzisha mwaka 1998. Walichukua jambo ambalo wanazuoni wanalijua: andiko linalonukuliwa na wengi huwa na uzito, na likinukuliwa na andiko ambalo lenyewe ni zito, uzito unazidi. Wakasema kiungo kutoka ukurasa mmoja kwenda mwingine ni kama kunukuu. Mfumo wakauita PageRank, kwa jina la Page. Ni sawa na kazi yako: mwenye hoteli aliyekaa na milango yako miaka kumi akimwambia jirani yake "nenda kwa fulani Bagamoyo", neno hilo linampa mtu imani ya kufunga safari. Kijana aliyelipwa asimame stendi akitaja jina lako hampi mtu imani hiyo.

Vile viungo 1,000 ni yule kijana wa stendi. Niliiomba orodha yake kupitia mpwa wako, nikafungua kumi. Nikakuta michezo ya kamari, vidonge vya kupunguza unene, na kurasa za lugha ambazo hata sizitambui. Hakuna hata moja inayohusiana na mbao. Uuzaji huu wa viungo ulishamiri sana zamani, mpaka Aprili 2012 Google ilipotoa mfumo ulioitwa Penguin na tovuti nyingi zilizonunua viungo zikaporomoka. Nilikuwa mwaka wangu wa kwanza kazini. Mimi pia nilikuwa nikiandika ankara zenye mstari wa viungo, maana ndivyo tulivyofundishwa ofisini, na mteja wetu mmoja, mama mwenye mgahawa, alipoteza wateja wa mtandaoni karibu wote. Alinipigia simu akilia. Tangu siku ile sijauza kiungo, na ndiyo maana ankara yako imeniuma kama yangu.

Habari njema ni kwamba tangu 2016 Penguin ni sehemu ya mfumo mkuu, na viungo vya aina hiyo mara nyingi hupuuzwa tu, havihesabiwi. Kama Search Console haionyeshi adhabu, viache vife vyenyewe. Usimlipe mtu kuvifuta.

Maneno muhimu 500 waliyaweka katika tagi, yaani lebo, iliyofichwa kwenye msimbo. Google ilitangaza Septemba 2009 kwamba haiitumii tagi hiyo kupanga matokeo. Umelipia kitu kilichotangazwa kuwa hakina kazi miaka mingi kabla mpwa wako hajagusa kompyuta. Injini 200 nazo ni hewa: Watanzania wengi hutafuta kwa Google, wapo wanaotumia Bing na nyingine chache, na zote hutafuta kurasa zenyewe bila kusajiliwa na mtu. Lililonikera zaidi liko chini kabisa ya ukurasa wa mbele. Nilipitisha kidole kwenye sehemu nyeupe, ghafla yakajitokeza maandishi meupe juu ya weupe: "milango Bagamoyo milango bora milango Zanzibar milango bei nafuu", yanajirudia mpaka nikachoka kuyahesabu. Hiyo Google inaihesabu kuwa udanganyifu, na ndiyo inayoweza kukuletea adhabu ya kweli. Yaondoeni siku hiyohiyo mnapoondoa tiki.

Tukimaliza kusafisha, tumebaki na nini? Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo.

Ukurasa wako wa bidhaa una picha 14 za milango na maneno matatu: Ubora, Uaminifu, Ubunifu. Basi. Namba ya simu na aina za mbao zimeandikwa ndani ya bango la picha, na maandishi yaliyomo ndani ya picha roboti haiyategemei kama maandishi ya kawaida. Kichwa cha kila ukurasa, yale maandishi ya buluu mtu anayobofya kwenye Google, ni "Karibu". Sasa jiweke mahali pa Google. Mtu wa Dodoma anauliza, "Mlango wa mninga unapasuka kwa nini?" Tovuti yako ina jibu gani? Ina Ubora, Uaminifu, Ubunifu. Yule muuza mninga mbichi yeye ameandika aya tatu, hata kama hazina uzito, na zinataja mninga, vipimo na bei. Google haiwezi kupapasa mbao. Inasoma kilichoandikwa, na kwako hakikuandikwa kitu.

Kumbe kwenye barua hii umeniandikia mambo ambayo sijayasoma popote kwa Kiswahili! Kulaza mbao miezi minane, vijiti katikati, ukame wa Dodoma, mfaa kuchongwa mwisho. Hizo sentensi nne zina nguvu kuliko kila kitu kilichomo kwenye ankara. Anayeuliza kuhusu kupasuka kwa mlango ni mtu anayejenga, ana fedha, na anaogopa kupoteza. Akikuta fundi anayemweleza sababu na jinsi anavyoikwepa, atapiga simu. Na kwa kuwa walioandika mambo haya kwa Kiswahili, kwa kina, ni wachache mno, hushindani na dunia nzima.

Msiandike makala 300. Machi 2024 Google iliweka sera dhidi ya kurasa zinazozalishwa kwa wingi ili kukamata nafasi tu, ziwe zimeandikwa na mashine au na mtu. Akili mnemba haijawahi kukaa kivulini na mbao zako. Andikeni kurasa sita. Wa kwanza uwe wa mbao: mninga, mbambakofi na nyinginezo unazotumia, ipi inafaa chumvi ya pwani, ipi inafaa bara, na kwa nini. Wa pili uwe wa bei. Najua mafundi hawapendi kutaja bei, lakini "bei ya mlango wa mninga" ni swali ambalo kila mjenzi analo. Taja kiwango cha chini na cha juu na useme kinachopandisha: upana, nakshi, unene wa mwimo, usafiri. Wa tatu ueleze namna ya kupima nafasi ya mlango kabla ya kukupigia. Mengine matatu utayajua mwenyewe ukijiuliza wateja kumi wa mwisho walikuuliza nini. Kama wote waliuliza muda wa kazi, basi ukurasa wa nne umepatikana.

Utafanyaje wakati kuandika si kazi yako? Mwite mpwa wako karakanani jioni. Ashike simu, arekodi sauti. Wewe chukua ubao mmoja, mwonyeshe kama unavyomwonyesha mwanagenzi anayeanza, na usilainishe lugha. Yeye aandike ulivyosema.

Awe mwangalifu na jambo moja tu: maneno ya mteja. Wewe unasema mlango wa nakshi, mlango wa mfaa. Mtu wa Mbezi anaandika "milango ya Zanzibar", hata akiitaka ya Bagamoyo. Usikasirike, na usimdanganye kwamba ninyi mko Zanzibar. Andika mara moja, kwa kawaida kabisa: milango ya kuchonga ya Kiswahili, ambayo wengi huiita milango ya Zanzibar, tunaichonga hapa Bagamoyo. Inatosha. Google siku hizi inaelewa maana, haihesabu umerudia neno mara ngapi. Vichwa vya kurasa navyo viseme kilichomo: "Mninga au mbambakofi? Kuchagua mbao za mlango wa kuchonga" badala ya "Karibu". Kwa wenye hoteli wageni, kurasa za Kiingereza ziwe peke yake, na zisomwe na mtu anayekijua kabla hazijatoka.

Picha zako ni nzuri mno, na ndizo zinazokuumiza. Nilifungua ukurasa wa bidhaa kwa simu yangu, kwa bando la kawaida. Nikahesabu sekunde 19 kabla mlango wa kwanza haujatokea. Picha moja ina uzito wa megabaiti 7. Kipimo cha Google ni kwamba kile kikubwa kinachoonekana kwanza kiwe kimefika ndani ya sekunde 2.5. Kasi peke yake haitakupandisha juu ya mtu mwenye jibu bora, lakini nani atakayesubiri sekunde 19? Na Google sasa inaisoma tovuti kama inavyoonekana kwenye simu, si kwenye kompyuta. Kuhamia huko ilikamilisha 2023. Mpwa wako azipunguze picha mpaka kama kilobaiti 200 kila moja, azipe majina yenye maana badala ya namba za kamera, na chini ya kila picha aandike ni mlango gani: mbao gani, nakshi gani, umekwenda wapi.

Halafu kuna ramani, na hii ningeifanya hata kabla ya kurasa sita. Fungueni Google Business Profile ya karakana, yaani wasifu wa biashara unaoonekana kwenye ramani za Google. Ni bure. Mtu aliyeko Bagamoyo au Kerege akitafuta fundi wa milango, Google hutazama mambo matatu: biashara inahusiana na alichouliza kiasi gani, iko mbali kiasi gani, na inajulikana kiasi gani. Wekeni saa za kazi, simu, picha za karakana yenyewe na vumbi lake. Huenda wakawaomba video fupi kuthibitisha mpo. Kisha wapigie wateja wako wa zamani, mmoja mmoja, uwaombe waandike maoni yao ya kweli. Usinunue maoni na usimpe mtu punguzo ili aandike.

Na yule aliyechukua milango sita, hoteli yake ina tovuti? Mwombe aandike humo sentensi moja kwamba milango imechongwa na karakana yenu, na jina liwe kiungo. Hicho kimoja nakithamini kuliko vile 1,000.

Mwambie mama kwamba na yeye ana hoja. Instagram inamfikia mtu ambaye hakuwa na wazo la mlango mpaka alipouona wako, na milango yako inastahili kuonwa. Ila anayeandika swali Google ameshaamua kununua, anatafuta wa kumwamini. Huyo usimwache. Picha zilezile zinaweza kwenda kote kuwili.

Limebaki la mpwa. Tovuti yake ilikuwa na kichwa kilekile cha "Karibu" kila mahali na picha nzito vilevile, kwa hiyo naye ana ya kujifunza. Lakini haikuwa na komeo, haikuwa na maandishi ya kujificha, na ilikuletea milango sita. Mwite umwambie hivyo, mzee wangu. Wewe ndiye mjomba, neno la kwanza likitoka kwako litamtua. Kisha mpangane malipo yake kama mnavyopangana na fundi yeyote, maana sehemu ya ugomvi wenu nahisi iko hapo, kijana kufanya kazi miaka mitatu kwa shukrani.

Ukurasa wa mbao ukishakuwa hewani nitumieni anwani yake. Nataka kujua kwa nini miezi minane, na si sita.